Nyumba ya Kuusomea Mji: Kilosa, Mikumi na Makumbusho Madogo

(Mhadhara kwa walimu, wanachuo, wafanyabiashara na wazee wa mji, Kilosa)

Nimepewa saa moja, na mwenyekiti ameshaweka simu yake mezani ikihesabu dakika.

Nimeombwa kuzungumza juu ya kutembelea makumbusho. Nilipouliza makumbusho gani, nikaambiwa, "Yoyote, ila usituchoshe." Basi nimechagua makumbusho madogo ya aina moja tu: yale yanayoshughulika na sanaa, majengo na maisha ya mji. Na kusudi langu nalisema wazi tangu sasa, asije mtu akadhani nimekuja kusimulia safari. Nataka kuwashawishi kwamba Kilosa inastahili nyumba moja ya aina hiyo. Kwamba nyumba hiyo ichaguliwe miongoni mwa zilizopo, bila kujenga mpya. Na kwamba kitu kikubwa cha kuonyeshwa ndani yake kiwe mji huu wenyewe. Watu wa Mikumi, nanyi mmo. Msiondoke mapema.

Hoja zangu ni tano. Ya pili ni ndefu, ya tatu ni kavu kwa sababu ni ya sheria, na ya nne huenda ikawaudhi baadhi yetu.

1. Makumbusho madogo humfundisha mtu kuitazama barabara

Nianzie Dar es Salaam, kwa sababu wengi wenu mmepita mbele ya nyumba ninayoitaja bila kuingia. Ukishuka Barabara ya Morogoro hadi inapokutana na Sokoine Drive, karibu na bandari, liko jengo la zamani lenye kuta nene na mlango wa kuchonga wa Kiunguja. Hilo ni Boma la Kale. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga kati ya mwaka 1866 na 1867, liwe nyumba ya wageni wa kasri lake wakati anauanzisha mji mpya. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukalala. Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao yao makuu mwaka 1891 walilikuta bado limesimama, wakalitumia. Waingereza nao wakalitumia, na baada ya uhuru ofisi zikaendelea kupokezana humo. Leo ndani yake kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo, DARCH, kilichoanzishwa na wasanifu majengo wetu kwa kushirikiana na wenzao wa nje.

Vyumba vyake ni vichache. Utakuta ramani, picha za zamani, michoro ya majengo na maelezo ya jinsi mji ulivyokua. Mwenye haraka atamaliza kwa nusu saa na kutoka akisema, "Kumbe ni hicho tu?" Lakini mwenye haraka ameiacha sehemu bora ya maonyesho, nayo ni jengo lenyewe. Tazama dari. Zile boriti ni za mikoko, na boriti ya mkoko haiendi mbali: chumba kikizidi mita tatu au karibu na hapo, haifiki ukuta wa pili. Ndiyo maana vyumba vya majumba ya mawe ya pwani ni vyembamba na virefu, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Upana wa sebule ya tajiri umeamuliwa na mti uliokatwa kwenye matope ya Rufiji. Ukishajua hilo, utatoka nje na kuanza kuuliza maswali ya namna hiyo kwa kila jengo la barabarani: hili dirisha mbona liko juu hivi, hii baraza ilikuwa ya nani, hizi nondo zimemruhusu fundi kufanya nini ambacho boriti ilimkataza.

Sisemi hivi kuyadharau makumbusho makubwa. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert yana mambo ambayo hakuna nyumba ndogo itakayoyamudu. Yanayo habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, la miaka milioni moja na laki saba na ushei. Ukisimama mbele ya umri kama huo, unanyamaza. Tatizo ni kwamba ukitoka nje, barabara iko vilevile. Fuvu halikukuambia lolote juu ya nyumba ya jirani yako.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Panda basi Mikumi, pita Ruaha Mbuyuni, panda Kitonga, ufike Iringa. Pale mjini kuna boma la Wajerumani lililojengwa kama hospitali kuelekea mwisho wa utawala wao, likawa ofisi za serikali kwa miaka mingi. Mwaka 2016 lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa, kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Iringa na fedha za Umoja wa Ulaya. Humo kuna habari za Wahehe na jirani zao, kuna duka la kazi za mikono, na kuna mahali pa kunywa chai. Mnaocheka habari ya chai mnakosea: mahali pa kunywa chai ndipo mama aliyewaleta watoto anapopata sababu ya kukaa saa ya pili.

2. Kilosa ina vitu vya kuonyesha kuliko miji mingi mikubwa

Hapa nitakaa kidogo.

Bonde la Mkondoa lilikuwa njia ya kuingia bara kabla ya reli na kabla ya lami. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikielekea Tabora na Ujiji ilipanda milima ya Usagara kwa kulifuata bonde hili au kwa kupita kaskazini yake. Burton na Speke walipita nchi hii mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote watatu waliandika vitabu. Wapagazi waliowabebea mizigo, wengi wao Wanyamwezi na watu wa pwani, hawakuandika, ila miguu yao ndiyo iliyoifungua njia. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya UNESCO, na vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Bagamoyo pana makumbusho. Kwihara lipo tembe. Ujiji yapo. Mamboya, ambayo ni yetu, ina nini cha kumpokea mgeni? Nawaachia swali hilo viongozi wa wilaya, na ninawatazama kwa heshima.

Halafu kuna Msowero, pale kwenye barabara ya Dumila. Novemba 1884 Karl Peters alifika kwa Sultani Mangungo na karatasi ya Kijerumani, akaondoka nayo ikiwa na alama ya Mangungo. Kwa karatasi kama hizo kutoka Usagara, Nguu, Uzigua na Ukami, Kaiza alitoa hati ya ulinzi tarehe 27 Februari 1885, na koloni likaanza. Watanzania wote wanamjua Mangungo. Mbunge akitaka kuukashifu mkataba mbaya, humtaja yeye. Lakini mtoto wa Kilosa anayesoma habari hiyo shuleni haonyeshwi kwamba Msowero ya kitabuni ndiyo hii anayopita akienda kwa shangazi yake. Ukuta mmoja unatosha: nakala ya maneno ya mkataba kwa Kijerumani, tafsiri yake kwa Kiswahili, na pembeni maelezo ya nini Mangungo angeweza kuelewa na nini hakuambiwa. Msomaji atahukumu mwenyewe kama aliuza nchi au aliibiwa. Mimi nasema aliibiwa.

Sasa reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, ukapita hapa, ukafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli ndiyo iliyoamua Kilosa iwe mji badala ya kituo cha njiani. Stesheni, karakana, nyumba za wafanyakazi kwa safu, kisha maduka yaliyoelekezwa stesheni. Katika miaka ya 1960 tawi likaunganishwa kutoka hapa kupitia Mikumi hadi Kidatu, kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, ikipita wilayani kwetu kwa madaraja na mahandaki ambayo babu zetu wa reli ya kwanza wangeyaona ni uchawi.

Nina pendekezo la maonyesho ambalo halihitaji kabati wala kioo. Uani kwa makumbusho tulaze vipande vitatu vya reli, kila kimoja na upana wake. Reli ya zamani ya kati ina milimita 1,000 kutoka chuma hadi chuma. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ina milimita 1,067. Reli mpya ina milimita 1,435. Mtoto apewe futi ya fundi apime mwenyewe. Akishapima ataelewa kwa nini pale Kidatu mzigo unaotoka Zambia ukitaka kuingia reli ya kati lazima uhamishwe kutoka behewa hadi behewa, kwa ajili ya tofauti ya milimita 67, ambayo ni kama upana wa kiganja chake. Historia ya wakoloni wawili, ya Wachina na ya serikali yetu wenyewe iko katika vipimo hivyo vitatu, na hakuna mwalimu atakayehitaji ubao kuieleza.

Ndugu wasikilizaji, niseme juu ya nyumba, maana ndiyo kazi yangu.

Kilosa iko mahali ambapo namna kadhaa za kujenga zinakutana. Kutoka pwani ilikuja nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi unaonyooka hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, jiko na choo nyuma. Ilisafiri na misafara, ikafika Ujiji. Ni nyumba yenye akili ya kibiashara, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kupangisha vyumba vitano, akabaki na kimoja, na uani wote wakawa kama ndugu hata kama mmoja ni Muha na mwingine Mngoni. Kutoka upande wa Ugogo lilikuja tembe, la paa bapa la udongo, linaloanza kuonekana katika sehemu za magharibi ya milima hii. Wenyeji wa milimani walikuwa na msonge, nyumba ya duara yenye paa la nyasi. Kisha wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga duka lenye makazi nyuma yake: baraza ndefu ya saruji, nguzo, milango mipana ya mbao inayofunguka kuelekea barabarani, ghala kando. Wajenzi wa nyumba za namna hii walipenda kuandika mwaka juu kwenye ukuta wa mbele. Inueni macho mkitoka hapa, mtazame chini ya tabaka za chokaa. Na reli ikaleta nyumba za mawe na bati, zilizochorwa ofisini kwa watu ambao hawakuulizwa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kila mojawapo ya nyumba hizi ina fundi aliyefikiri juu ya jua, mvua, mchwa na mfuko wa mteja. Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1966 ili kuonyesha nyumba za makabila mbalimbali, na ni kazi njema, lakini nyumba zile zimejengwa kwa ajili ya kutazamwa. Za kwetu bado zinakaliwa. Mtu anapika ndani yake. Hiyo ndiyo faida kubwa ya Kilosa, na makumbusho yetu yatapaswa kuilinda kwa adabu: mgeni apite barabarani na ramani mkononi, asimchungulie mtu dirishani.

Siwezi kuyapita mashamba ya mkonge. Kimamba, Rudewa na mengineyo yalileta watu kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Bila wao usingeelewa majina ya familia za mji huu, wala ngoma zake, wala misikiti na makanisa yalivyotawanyika. Makambi yao ni majengo pia. Chumba cha manamba, kwa vipimo vyake halisi, kijengwe upya ndani ya makumbusho, na mgeni aambiwe ni watu wangapi walilala humo kwa kadiri wazee wanavyokumbuka. Wazee wenyewe wapo, naona wawili watatu wakinitazama kama wanaosema, "Kijana, uliza, tupo."

Na mwisho kuna mto. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulipasua tuta. Mji ukajaa maji, reli ya kati ikakatika, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Mliokuwepo hamhitaji nikumbushe. Lakini fundi aliyetembea mjini baada ya maji kushuka aliona somo: nyumba ya miti na udongo ilipoteza kuta zake, nguzo na paa vikabaki, ikakandikwa upya, lakini nyumba ya matofali mabichi, ambayo mwenyewe aliiona ni ya kisasa zaidi, ikayeyuka chini ikaanguka na bati lake. Hii si habari ya zamani. Ni maarifa ya ujenzi ambayo familia zinayahitaji mwaka huu. Tuweke alama ya kina cha maji kwenye kuta za majengo yaliyosalia, mstari mmoja wa rangi na tarehe kando yake, na ndani ya makumbusho tuonyeshe ramani ya mahali maji yalipofika. Anayetaka kununua kiwanja aje aitazame kabla ya kulipa.

3. Sheria haitatulindia mji, isipokuwa milango

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Hesabuni. Reli ilifika hapa baada ya 1907. Maduka yakafuata. Kwa hiyo karibu kila kinachoitwa mji wa Kilosa kimejengwa upande usiolindwa wa mwaka ule. Ili jengo la baadaye lilindwe, waziri mwenye dhamana lazima alitangaze katika Gazeti la Serikali. Katikati ya Dar es Salaam majengo kadhaa yalitangazwa mwaka 1995, na baadhi yake yakaondolewa orodhani baadaye, ghorofa zikapanda. Kama mji mkubwa wenye wasanifu, wanasheria na waandishi wa habari umeshindwa kuyatetea, sisi tusijidanganye kwamba tangazo litatuokoa.

Kuna kifungu kimoja kinachofurahisha. Sheria hiyohiyo inalinda mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940. Maana yake ni kwamba unaweza kuwa na nyumba isiyolindwa yenye mlango unaolindwa! Anayekuja na fuso kununua milango ya zamani kwa bei ya kuni, mjue anavunja sheria, na anayemuuzia bila kibali hayuko salama.

Kinachobaki ni matumizi. Jengo linaloingiza watu na kodi halibomolewi upesi. Jengo tupu lenye popo hubomolewa hata kama lina tangazo. Ndiyo sababu nasema makumbusho yakae ndani ya nyumba iliyopo, iwe duka la zamani au jengo la stesheni likipata nafasi, na sehemu ya mbele ipangishwe kwa kinyozi au mama wa chapati ili paa litengenezwe kwa fedha ya kila mwezi. Makumbusho mengi madogo barani Afrika hayafi kwa kukosa vitu. Yanakufa kwa kukosa mabati, na kwa kukosa mtu mmoja mwenye mshahara na ufunguo.

4. Si kila sanaa ni ya kutundikwa

Tukisema makumbusho ya sanaa, mtu anawaza picha ukutani. Wilaya hii ina sanaa ya aina nyingine. Wakaguru, Waluguru, Wakwere na Wazaramo, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, wana kisanamu cha mti kiitwacho mwana hiti: kiwiliwili kama nguzo isiyo na mikono, kichwa chenye nywele zilizogawanyika vilele viwili. Kilihusu mwali na malezi yake. Vingi sana viko kwenye makabati ya Ulaya. (Nasema Ulaya ya Wazungu, si Ulaya yetu ya njia ya Mikumi.)

Je, tukipata kimoja tukiweke kiooni? Naam, kwa masharti. Umbo lake ni kazi ya sanaa yenye heshima kubwa, na vijana wetu wanaojifunza kuchonga wanapaswa kuliona. Lakini maneno yaliyofundishwa pamoja nacho ni ya unyago, na yana wenyewe. Mimi ni mwanamume. Sehemu ya maelezo hayo si yangu kuyasikia, sembuse kuyaandika kwenye kibao kwa lugha mbili ili mgeni apige picha. Makumbusho yawe na kamati ya akina mama wazee wenye kauli ya mwisho juu ya chumba hicho. Wakisema kitu fulani kirudi sandukuni, kirudi. Najua kuna wasomi watakaosema huko ni kuficha maarifa. Wasomi hao wamezoea nyumba ambazo vitu vyake vilichukuliwa bila kuulizwa mtu. Sisi tunaanza upya, tuna nafasi ya kuuliza.

Upande wa pili wa sanaa uko wazi barabarani, nao tunaudharau. Nani aliyechora simba wa kinyozi? Nani aliyeandika herufi za mabango ya gesti na mashine za kusaga, kwa mkono, bila rula? Herufi hizo zinatoweka kwa sababu ya mabango ya plastiki yanayochapishwa Morogoro mjini kwa saa moja. Kabla hazijaisha, zipigwe picha, na wachoraji walio hai walipwe kuchora ukuta mmoja wa makumbusho.

5. Mikumi ndiyo mlango wa wageni

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia inakata katikati yake kwa kilomita kama 50, abiria wa basi akiona tembo na twiga bila kulipa kiingilio. Wageni wanalala Mikumi usiku mmoja au mbili, wanaona simba wa uwanda wa Mkata, wananunua picha ya Tingatinga, wanaondoka. Hakuna anayewaambia kwamba wilaya waliyolala ina mji wa reli, bonde la misafara na mahali koloni lilipoanzia.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kwa Kilosa sikubaliani nao. Mji ulio nje ya barabara kuu haujiuzi. Lazima mtu akauitie wageni pale wanaposimama.

Ninapendekeza chumba kimoja Mikumi, hatua chache tu kutoka yanaposimama mabasi. Kiwe na ramani kubwa ya wilaya, picha kumi na mbili za Kilosa, na kijana anayejua njia na anayeweza kumpeleka mgeni na kumrudisha kabla ya magharibi. Makabati na fremu zitengenezwe na wanachuo wa VETA Mikumi kama kazi yao ya mtihani, ili fedha ibaki nyumbani na jina la fundi libandikwe chini ya kila kabati. Chumba hicho kieleze pia jambo moja la Mikumi yenyewe: jinsi mji wa barabarani unavyokua. Kilosa ilikua kwa kuizunguka stesheni. Mikumi imejipanga kando ya lami kama abiria wanaosubiri basi, nyumba za wageni mbele, maduka mbele, makazi nyuma. Mwanafunzi wa mipango miji akiiona miji hii miwili katika siku moja, ameokoa muhula mzima wa darasani.

Wenzangu wa Mikumi wataniuliza, "Na sisi tunapata nini?" Mnapata usiku wa pili. Mgeni aliyeona wanyama jana na anakwenda Kilosa leo atalala kwenu tena.

Sasa nimalize, mwenyekiti amekwishaichukua simu yake.

Kazi ya kuanza haihitaji kusubiri bajeti. Walimu wa chuo cha Ilonga, kabla masika hayajaanguka wapeni wanachuo zoezi moja: kila mmoja achague nyumba ya mjini iliyozidi miaka hamsini, aombe ruhusa ya mwenye nyumba, aipime kwa futi, aichore, na aandike jina la fundi aliyeijenga kama lipo anayelikumbuka. Michoro hiyo ndiyo itakuwa maonyesho ya kwanza, hata kama itabandikwa kwa gundi kwenye ukuta wa darasa. Viongozi wetu, tunaomba orodha ya majengo kumi ambayo halmashauri itaahidi kutoyatolea kibali cha kubomolewa hadi yachunguzwe. Kumi tu. Wafanyabiashara, mwenye jengo la zamani lililofungwa na asiyejua alifanyie nini, aseme nasi leo, tukiwa bado wote hapa.

Na kwenu wazee na akina mama: picha za harusi zilizopigwa mbele ya stesheni, vyeti vya kazi vya reli, kadi za manamba, risiti za maduka, barua zilizonusurika mafuriko, chochote chenye sura ya mji huu kabla ya 2010, kileteni ofisi ya kata. Hatutakichukua. Kitapigwa nakala mbele yenu, jina lenu litaandikwa chini yake, na mtaondoka nacho mkononi siku hiyohiyo.